Nati Iliyochomelewa: Jinsi Pampu ya Kijiji Inavyochorwa kwenye Kompyuta

Hebu tuanzie kisimani.

Tuchukue kijiji kimoja chenye pampu ya mkono, aina ile iitwayo Afridev. Jina la kijiji tuliache. Pampu hii ina mkono mrefu wa chuma. Mkono umeshikwa na pini nene, na pini imefungwa kwa nati. Watu wanateka maji tangu alfajiri mpaka jua linazama.

Siku moja nati ya pini ikaanza kulegea. Mtunza pampu akaikaza. Wiki iliyofuata ikalegea tena. Mwenyekiti wa kamati ya maji akachoka na kelele. Akamwita fundi wa kuchomelea kutoka sokoni.

"Fundi, hii nati inatusumbua. Na tena iko siku vijana wataiiba. Huwezi kuifanya isitoke kabisa?"

"Naweza, Mzee. Dakika tano tu."

Fundi akaja na jenereta yake juu ya mkokoteni. Akavaa miwani, akachomelea nati na pini, na pini na mwili wa pampu. Kweli, hata dakika tano hazikwisha. Nati haikulegea tena. Watu wakamsifu, naye akalipwa.

Miezi michache ikapita. Mkono ukaanza kucheza huku na huku na kulia kama mlango wa zamani. Bushi zilikuwa zimekwisha. Bushi ni vipande vidogo vya plastiki vinavyozunguka pini, ili chuma kisisagane na chuma. Bei yake si kubwa. Mtu mwenye spana huzibadilisha kabla ya chakula cha mchana. Mtunza pampu, mama mmoja aliyepata mafunzo ya kazi hiyo, akaja na spana yake na bushi mpya kwenye khanga. Akaweka spana kwenye nati. Haizunguki. Akavuta kwa mikono miwili. Wapi!

"Mwenyekiti, hii pampu mmeifanya nini?"

"Si tuliitengeneza, mama?"

"Mmeifunga mlango na ufunguo mmeutupa mtoni."

Ilibidi fundi aitwe tena, mara hii aje na grenda akate. Alipokata nati, pini nayo ikaharibika. Pini mpya ikaagizwa mjini. Wakati wote huo kina mama walirudi kuteka maji mtoni, kwenye matope, pamoja na ng'ombe.

Fundi yule hakuwa mtu mbaya wala mjinga. Mkono wake wa kuchomelea ni mzuri. Kosa lake ni moja: alichukua kitu kilichokusudiwa kufunguliwa, akakigeuza kiwe kitu kisichofunguliwa. Na kosa hilo hilo hufanywa na watu wenye elimu kubwa, tena wakiwa wamekaa kwenye kiti, mbele ya kompyuta, hata kabla pampu haijatengenezwa. Ndiyo habari yetu ya leo.

MAUNGIO YA AINA MBILI

Tazama baiskeli. Fremu yake ni mabomba kadhaa. Lakini mabomba yale yameunganishwa kwa moto, na hakuna anayekwenda dukani kununua bomba moja la fremu. Anasema, "Nipe fremu." Lakini pedeli, mnyororo, rimu, hivyo vyote vinanunuliwa kimoja kimoja, kwa sababu vinafungwa na kufunguliwa kwa spana.

Basi maungio ni ya aina mbili. Kuna maungio ya kudumu: ya kuchomelea kwa umeme au gesi, ya kupiga ribiti, na ya gundi kali. Ukitaka kuyaachanisha ni lazima ukate au uvunje. Na kuna maungio ya kufunguliwa: ya bolti na nati, ya pini, ya kulabu, ya skrubu.

Pampu ya Afridev inayo yote mawili, ndiyo maana tumeichagua. Pampu hii ilibuniwa katika miaka ya 1980. Wakati ule Umoja wa Mataifa ulikuwa umetangaza muongo wa maji, kuanzia 1981 hadi 1990. Kazi ya kuibuni na kuijaribu ilifanyika Malawi na Kenya, na huko Kenya majaribio makubwa yalikuwa Kwale, pwani ya kusini. Wabunifu walitaka pampu ambayo kijiji chenyewe kinaweza kuitunza, bila kungoja gari la wilaya. Kwa hiyo walikaa wakapima kila ungio: hili lichomelewe, hili lifungwe kwa bolti, hili liwe la kulabu.

Mwili wa pampu unaouona juu ya ardhi ni mabamba na mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Bomba la kutolea maji nalo limechomelewa. Kifuniko kinafungwa kwa bolti. Mkono unashikwa na pini na bushi. Ndani ya kisima, mabomba ya plastiki yenye upana wa milimita 63 yameunganishwa kwa gundi, na gundi ile ikishakauka usijisumbue kuyafungua, utayavunja. Lakini fito za chuma zinazopita ndani ya mabomba hayo zina kulabu na matundu. Unainua ufito, unauchomoa kwa mkono, hata spana huhitaji. Pistoni inatoka juu kwa kupitia ndani ya bomba, na vali ya chini inavuliwa kama samaki kwa kifaa chake maalumu. Mabomba yanabaki kisimani. Mimi naona hapo ndipo akili ya pampu hii ilipo: kinachochakaa kinafunguka, na kisichochakaa kimeshikana moja kwa moja.

Michoro ya Afridev haina mwenyewe anayedai malipo. Kiwanda chochote kinaruhusiwa kuitengeneza. Hii ni neema, lakini ina masharti. Bushi iliyotengenezwa na kiwanda kimoja lazima iingie kwenye pampu ya kiwanda kingine. Ili iwe hivyo, mchoro uwe sahihi, na uwe umepangwa sawasawa.

MCHORO WA KOMPYUTA NI NINI?

Zamani mchoro wa mashine ulichorwa kwenye karatasi kwa penseli, rula na bikari. Mchoraji akikosea, anafuta. Akibadili kipimo kimoja, anachora upya kurasa nyingi. Mwaka 1963 huko Marekani, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeitwa Ivan Sutherland alionyesha programu iitwayo Sketchpad, ambayo mtu aliweza kuchora nayo kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Kompyuta ile ilikuwa kubwa ajabu. Siku hizi kompyuta ya kawaida ya mezani inafanya kazi hiyo na zaidi, na zipo programu za bure kama FreeCAD, ambazo kijana wa chuo cha ufundi anaweza kujifunzia bila kulipa hata senti.

Kwenye kompyuta, mtu hachori picha tu. Anatengeneza umbo lenye urefu, upana na kina, ambalo anaweza kuligeuza na kulitazama kwa nyuma kama vile anashika kitu mkononi. Kila kipande huchorwa peke yake na kuhifadhiwa kwenye faili yake: bamba, bomba, pini, bushi, nati. Halafu vipande hukusanywa. Unaiambia kompyuta, "Tundu hili likae juu ya tundu lile. Uso huu ugusane na uso ule." Navyo vinakaa.

Sasa, kukusanya si kazi ngumu. Kupanga ndiyo kazi. Pampu ndogo ina vipande vingi kuliko unavyodhani, ukihesabu kila washa. Ukivimwaga vyote pamoja kwenye faili moja bila mpango, ni kama kumwaga gunia la mahindi, maharage na karanga kwenye mkeka mmoja. Vyote vipo, lakini nani atapika?

FUNGU NDANI YA FUNGU

Mchoraji mzuri hupanga vipande kwa mafungu, na fungu moja laweza kukaa ndani ya fungu lingine, kama vile nyumba iko ndani ya kaya, na kaya iko ndani ya kijiji.

Tufanye mfano wetu wenyewe. Tuseme pampu nzima ni fungu namba 100. Ndani yake kuna mwili, namba 110. Kuna mkono, namba 120. Kuna fito na pistoni, namba 130. Kuna mabomba na silinda, namba 140. Halafu ndani ya 110 kuna bamba la kulia, 111, bamba la kushoto, 112, bomba la kutolea maji, 113, na kadhalika.

Umeona? Namba inayoishia na sifuri ni fungu. Nyingine ni vipande vyake.

Lakini swali gumu ni hili: kipande kipi kiingie fungu lipi? Wachoraji wachanga hupanga kwa sura. Mabamba yote fungu moja, mabomba yote fungu moja, bolti zote fungu moja. Inapendeza machoni, kama duka lililofagiliwa. Ila fundi akipewa mchoro huo hajui aanzie wapi, kwa maana hakuna mtu anayetengeneza pampu kwa kukusanya mabamba yote kwanza.

Panga kwa kufuata mikono ya fundi. Jiulize swali hili kwa kila kipande: "Nikishika spana, kinatoka?" Kama hakitoki, kwa sababu kimechomelewa, basi hakina maisha yake tena. Kiko ndani ya fungu la kuchomelewa, na fungu hilo huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Kama kinatoka, kina namba yake na mahali pake katika fungu la juu.

Kwenye kompyuta, fungu la kuchomelewa hufungwa imara. Ukivuta bamba moja kwa kipanya, mwili wote unafuata, kama kitu kimoja. Lakini mkono wa pampu hauruhusiwi kufungwa hivyo. Mkono huachwa uzunguke kwenye pini yake, ili mchoraji aupandishe na kuushusha pale pale kwenye kioo na kuona kama unagonga kifuniko. Ukimwona mchoraji amefunga kila kitu kisisogee, au ameacha kila kitu kielee, ujue hajaelewa anachokichora. Ungio ambalo kwenye chuma linazunguka, na kwenye kompyuta lizunguke.

Wengine wanauliza: vipande vya fungu la kuchomelewa, kila kimoja kiwe na faili yake, au vyote vichorwe ndani ya faili moja? Njia zote mbili zinatumika, na wachoraji hubishana sana juu yake. Kwa maoni yangu, tazama vipande vinakatwa wapi. Kama bamba linakatwa kwenye karakana nyingine, au linatumika pia kwenye pampu ya aina nyingine, lipe faili yake. Lakini kama ni fremu ya mabomba tu, yanayokatwa kwa msumeno na fundi yule yule anayeyachomelea, faili moja yatosha. Andika tu orodha ya kukatia: bomba la urefu huu, vipande viwili, la urefu ule, vipande vinne. Fundi atakata, atachomelea, basi.

NATI NI YA NANI?

Hapa ndipo wengi huanguka.

Kifuniko kimefungwa kwenye mwili kwa bolti. Je, bolti iwekwe fungu la kifuniko au fungu la mwili? Ukiiweka kwa kifuniko, mtu akiagiza kifuniko kipya ataletewa na bolti asizozihitaji, au karani atamuuzia kifuniko akidhani bolti zimo, kumbe hazimo. Ukiiweka kwa mwili, matatizo ni yale yale.

Bolti si ya mmoja wao. Ni ya yule aliyewaunganisha. Kwa hiyo hukaa katika fungu la juu, lile lenye mwili na kifuniko pamoja. Kwenye mfano wetu ni ndani ya 100, si ndani ya 110.

Lakini angalia. Kiwandani mara nyingine nati huchomelewa kwa makusudi upande wa ndani wa bamba, mahali ambapo vidole haviingii, ili mtu akaze bolti kwa nje tu. Nati hiyo imekwisha kuolewa. Ni ya fungu la kuchomelewa, kama bamba lenyewe. Haiagizwi peke yake, na kwenye orodha ya vipuri haionekani.

Kwa hiyo nati mbili zilizotoka boksi moja dukani, zenye ukubwa mmoja, zinakaa mahali pawili tofauti kwenye mchoro. Moja ni kipande cha kufunguliwa. Nyingine ni sehemu ya mwili. Kinachozitofautisha ni ungio tu, maana chuma ni kile kile.

Sasa rudi kwenye kisima chetu. Nati ya pini, kwenye mchoro, ilikuwa ya fungu la juu. Fundi alipoichomelea aliihamisha, yeye hajui, akaitia ndani ya mwili. Pini ikafuata. Mkono ukafuata. Bushi nazo zikafungiwa humo. Kwa moto wa dakika tano, mafungu mawili ya pampu yakawa kitu kimoja kizito kisichofunguka, na hakuna kiwanda chenye mchoro wa kitu cha namna hiyo.

MAMBO YANAYOKUJA BAADA YA MOTO

Kuna kazi zinazofanywa kwenye vipande kabla ya kuchomelea, na kuna zinazofanywa baada yake. Mchoro usiopangwa vizuri huzichanganya.

Moto hukunja chuma. Mafundi wote wanalijua hili. Mshono ukipoa hujivuta, na bamba lililokuwa limenyooka huinama kidogo. Pini ya mkono inapita kwenye matundu mawili, moja kulia na moja kushoto, na matundu hayo lazima yatazamane sawasawa. Ukiyatoboa kwenye kila bamba kwa kipimo cha mwisho halafu ukachomelea, yanaweza kupishana. Pini itaingia kwa nyundo, mkono utakuwa mzito, bushi zitakwisha upande mmoja. Viwanda vingine huyashika mabamba kwa kishikizo madhubuti wakati wa kuchomelea. Vingine huchomelea kwanza, halafu hutoboa au hupanua matundu yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Kama ni njia hii ya pili, mchoraji anatakiwa achore matundu kwenye fungu lililokwisha kuchomelewa. Bamba 111 kwenye faili yake lisiwe na tundu la mwisho kabisa. Tundu lizaliwe kwenye 110. Programu nyingi zinaruhusu jambo hili. Akifanya hivyo, mkata mabamba hatatoboa kabla ya wakati, kwa sababu kwenye karatasi yake tundu halipo.

Hali kadhalika zinki. Pampu hutumbukizwa kwenye zinki iliyoyeyushwa, yenye joto la karibu nyuzi 450, ili isipate kutu. Hutumbukizwa mwili mzima ukiwa umekwisha kuchomelewa. Kwa hiyo neno "zinki" huandikwa kwenye fungu 110, si kwenye bamba mojamoja. Na kama kuna bomba lililozibwa pande zote mbili, lazima liachiwe matundu ya kupumulia. Hewa na unyevu uliofungwa ndani ukipata joto kali ghafla unaweza kulipasua bomba kama bomu, na kumrushia mfanyakazi zinki ya moto. Matundu hayo madogo ambayo unayaona na hujui kazi yake, yameokoa watu.

Na wewe fundi wa kijijini unayesoma habari hii, jambo moja la pembeni. Chuma chenye zinki ukikichomelea kinatoa moshi mweupe. Moshi ule ukiuvuta, jioni utapata homa, baridi na maumivu ya mwili, utadhani ni malaria. Kwanza saga zinki mpaka chuma cheusi kionekane, fanya kazi nje, na usikae mahali moshi unapokufuata usoni. Mafundi wengi hunywa maziwa ati yanazuia. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni. Havikutani. Na ukimaliza, paka rangi ya kuzuia kutu mahali ulipochoma, kwa kuwa pale zinki imekwisha.

ORODHA INAYOJIANDIKA

Faida ya kupanga vizuri utaiona kwenye orodha. Kompyuta yenyewe hupita kwenye mafungu, ikahesabu vipande na kuandika orodha. Mchoraji hahesabu kwa vidole.

Tuchukue bushi. Kuna pini mbili, ya mkono na ya kuning'inizia fito, na kila moja ina bushi kulia na kushoto. Mchoraji anachora jozi moja tu ya bushi. Halafu anaiweka mahali panne. Kompyuta inaandika: bushi, jozi 4. Akibadili kipimo kwenye faili ile moja, zote nne zinabadilika. Lakini mchoraji mvivu akinakili faili na kuzipa majina manne, bushi1, bushi2, bushi-mpya, bushi-mpya-kabisa, basi kompyuta itadhani ni vitu vinne tofauti. Atarekebisha kimoja na kusahau vitatu. Kiwanda kitatengeneza bushi za vipimo viwili, na kijijini moja itaingia na nyingine itakataa.

Vivyo hivyo kwenye vali. Kile kizibo kinachopanda na kushuka ndani ya pistoni ya Afridev ni sawasawa na kile kilicho kwenye vali ya chini. Kinachorwa mara moja, kinawekwa mara mbili, na mtunza pampu anaweka akiba ya aina moja tu kwenye kopo lake.

Kutoka orodha moja ya kompyuta hutolewa karatasi tatu. Mkata chuma anapewa vipande vilivyo ndani ya mafungu ya kuchomelewa, na urefu wake. Mfungaji anapewa mafungu yakiwa kitu kimoja kimoja, pamoja na bolti, nati na washa. Na kijiji kinapewa orodha ya vipuri: vile tu ambavyo spana inaweza kuvitoa. Kama mwili umepangwa vibaya, karatasi ya kijiji itakuwa na bamba la kulia, namba 111, lenye bei yake. Mtu ataliagiza. Litafika. Atalishika mkononi asijue aliingize wapi.

UKISHIKA KARATASI YA MCHORO

Kamati nyingi za maji zimepewa kitabu cha pampu na kukifungia kabatini. Kitoeni. Huhitaji kompyuta kusoma karatasi iliyotoka kwenye kompyuta.

Tazama mishale. Ukiona mshale una mstari, na juu au chini ya mstari huo kuna pembetatu ndogo, hapo pamechomelewa. Hiyo ni alama ya kawaida ya mshono wa pembeni, inajulikana dunia nzima. Ukiona duara lenye namba ndani yake, hicho ni kipande au fungu linalohesabiwa, na namba hiyo utaikuta kwenye orodha pembeni. Unapoagiza, andika namba hiyo, andika jina, andika idadi, na andika aina ya pampu na jina la kiwanda kama limepigwa chapa kwenye mwili. Usiandike "kile chuma cha juu." Karani wa mjini hajakiona kisima chako.

Kijiji chetu kile kilifanya hivyo mwishowe. Mtunza pampu alifungua kitabu mezani, mwenyekiti akiwa upande huu na fundi upande ule. Akaweka kidole kwenye nati ya pini.

"Fundi, hapa unaona pembetatu?"

Fundi akainama. Akatazama kwa muda.

"Hamna, mama. Kuna duara tu."

"Na hapa, kwenye bomba la maji?"

"Hapo ipo."

"Basi pale siku pakipasuka nitakuita wewe. Hapa nitakuja mwenyewe na spana."

Mwenyekiti akauliza, "Na ikilegea tena?"

Fundi ndiye aliyejibu. Alisema mara nyingi nati hulegea kwa sababu bushi zimekwisha na mkono unatikisika, kwa hiyo bushi ziangaliwe kwanza. Zikiwa nzima, nati ya pili ikazwe juu ya ile ya kwanza. Zikibanana hazilegei upesi, na siku ya kazi zinatoka zote mbili kwa spana. Akatoa moja kwenye mfuko wa suruali yake, akaijaribu kwenye pini mpya. Ikaingia. Mtunza pampu akaandika kwenye daftari: nati, nyongeza, 1.